Habari Ambayo Sweta Hajaambiwa

Jumamosi, 6 Julai

Tumefika. Mgongo si wangu tena. Tangu tuvuke mpaka, barabara imetupepeta kama mchele kwenye ungo. Mchungaji ameimba njia nzima. Sauti anayo — lakini hata asali ikizidi inachefua.

Nimepewa chumba peke yangu. Wenzangu wako wawili wawili kama wanyama wa safina: Mchungaji na Mama Mchungaji, Daktari wa Meno na mkewe, na Maharusi wetu, ambao bado wananukia keki. Mimi ni yule mnyama aliyefika mlangoni bila mwenzake, Nuhu akamwonea huruma. Chumba chenyewe ni stoo ya kanisa la wenyeji. Kitanda, ndoo, viti vya plastiki vimepandana mpaka dari, na ngoma kubwa imefunikwa shuka. Nilipofungua mlango nilidhani ni mtu amekaa. Nikamsalimia!

Nimekuja kwa sababu Mama Mchungaji alinishika mkono baada ya ibada. Akasema, dada, nyumba ile itakumeza, twende ukaone watoto wa shule za wenzetu. Tangu mdogo wangu afariki, jioni najikuta nimetoa vikombe viwili.

Jumapili, 7 Julai

Ibada ndefu. Wenyeji wakarimu mno. Wanaongea Kiswahili kama sisi, ila chao kina mteremko mwishoni, kama mtu anayeweka mzigo chini.

Tulitambulishwa. Mchungaji na mkewe, makofi. Daktari na mkewe, makofi. Maharusi, vigelegele! Halafu: "Na dada yetu huyu." Makofi ya adabu.

Mchana nililala. Sikuota kitu.

Jumatatu, 8 Julai

Shule ya kwanza. Iko kwenye mtaa wa mabati, nyuma ya dampo la jiji. Madarasa matatu yana madirisha, la nne lina matundu ya madirisha. Watoto wanne kwenye dawati la wawili. Wanakaa kwa ubavu, wakiandika inabidi wapokezane viwiko.

Tumegawa penseli, fulana na biskuti. Daktari amechungulia midomo, amekunja uso, ameng'oa. Mchungaji amehubiri. Bibi Harusi amepiga picha nyingi — watoto wakicheka, watoto wakishangaa, watoto na yeye. Mimi nilifundisha wimbo wenye vitendo. Watoto wakaimba kwa nguvu, mpaka mabati yakaitikia.

Jambo moja. Gari lilipofika, watoto wote walikimbilia kwetu. Msichana mmoja alitupita. Mwenye sweta kubwa la kijani, anatafuna ncha ya mkono wake. Akapanda garini, akachungulia kiti hadi kiti, mpaka wa nyuma kabisa. Dereva akafoka. Hakugeuka. Dereva akafoka tena, akamshika bega — ndipo aliporuka kama ameguswa na moto.

Nikajua pale pale: hasikii. Mwalimu Mkuu alikuja kutuomba radhi: "Msimjali huyo, dada. Ni bubu. Anakuja kukaa tu na wenzake."

Mwalimu Mkuu ni mama mnene, mchovu, mwenye macho mema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema leo kuna mawingu.

Wakati wa wimbo yule msichana alikuwa nyuma, akiangalia midomo ya wenzake, akifungua na kufunga wake. Hakuna sauti. Wakiruka, anaruka, amechelewa kidogo. Nilikuwa namtazama nikasahau mstari wa pili. Mimi, niliyeutunga!

Jumanne, 9 Julai

Shule ya pili. Nzuri zaidi, ina bomba. Sikuwa na moyo wa chochote.

Nimwandike mdogo wangu hapa, maana hakuna wa kumsimulia. Wenzangu wanajua nilikuwa na mdogo wangu kiziwi, basi. Homa ilimchukua masikio kabla hajajua kusema. Akawa kinyozi. Wateja walimpenda — ndiye kinyozi pekee mjini asiyekuuliza utampigia nani kura! Mimi na yeye tulikuwa na lugha yetu ya mikono. Si ile inayofundishwa kwenye shule za viziwi, huko alikaa muhula mmoja akatoroka. Yetu ilizaliwa jikoni, mimi mtoto, yeye mtoto mdogo zaidi. Chai: kidole kinazunguka kwenye kikombe cha kiganja. Mchungaji: mtu anayefuta jasho shingoni. Mimi: mkono kiunoni, maana alisema nasimama kama polisi.

Tulikuwa wasemaji wawili duniani. Ukoo mzima ulijua maneno ya kula na kulala, wakaishia hapo. Sasa nimebaki mmoja. Mikono yangu inafanya kazi zote, inafua, inapika, inafunga vifungo. Haijasema neno tangu kwenye wodi.

Kwenye chakula cha jioni nilimwomba Mchungaji kesho wanishushe ile shule ya jana, wao waendelee na ratiba. Akafuta jasho shingoni. Nikacheka peke yangu, Daktari akaniuliza kuna nini. Nikasema pilipili.

Amekubali.

Jumatano, 10 Julai

Mungu wangu, siku gani hii!

Mwalimu Mkuu alitupatia benchi nyuma ya jiko la shule, kivulini. Yule msichana akaketi mbali, tayari kukimbia. Nilikuwa na chupa ya chai na kikombe. Nikaonyesha kikombe. Nikazungusha kidole kwenye kiganja. Nikammiminia. Akanywa. Nikafanya tena. Ananitazama tu, kama ng'ombe anavyotazama treni. Kikombe, kidole, chai. Kikombe, kidole, chai. Nilifika mahali nikajiambia, mwanamke wewe, umekuja nchi ya watu kumnywesha mtoto mpaka apasuke.

Kisha nikaweka kikombe chini nikanyamaza. Yaani nikatuliza mikono.

Akatazama kikombe. Akatazama mkono wake. Polepole akakunja kiganja, akazungusha kidole ndani.

Nikamimina mbio mpaka nikamwaga! Akashtuka. Akafanya tena. Nikamimina tena. Akaanza kucheka — ana kicheko kikubwa, kibaya, kama mlango wa chuma, maana hajawahi kukisikia mwenyewe akakipunguza. Halafu akashika benchi akaniangalia. Hili je? Akashika ukuta. Hili? Jani, moshi, kuni, mpishi! Alinivuta mkono uwanja mzima. Ana umri wa kuwa darasa la nne au la tano, na leo ndipo amejua kwamba vitu vina majina.

Nikampa jina. Vidole viwili vinavuta ncha ya mkono wa nguo: Sweta. Aliligusa jina lake mara nyingi mno. Mwisho akanyoosha kidole kwangu, wewe je? Mkono wangu ukaenda kiunoni wenyewe.

Nilitoka nje ya uzio nikalia kidogo. Nikarudi.

Jioni niliwasimulia wote. Kosa langu la leo ni hilo, midomo. Mchungaji alisimama: "Bubu amesema! Dada, huu si muujiza huu?" Nikasema hapana Mchungaji, ni chai. Wakacheka. Lakini kesho ndiyo kusanyiko la kufunga, shule zote mbili pamoja na wazazi, naye anataka Sweta asimame mbele aseme Bwana asifiwe kwa mikono.

Nikasema mtoto bado. Akasema imani haina bado.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeandika mstari nimeukata. Nimeandika mwingine nimeukata.

Haya. Uwanja wa shule ya Sweta, turubai, spika, watu wamejaa mpaka barabarani. Asubuhi nilimtafuta Sweta nimfiche jikoni kwa mpishi. Sikumpata. Mama Mchungaji alikuwa ameshampata, amemvika gauni jeupe juu ya sweta, amemkalisha mbele. Kwa upendo kabisa. Mama wa watu hana ubaya.

Mchungaji akamwita. Mimi nikiwa pembeni yake nikamwonyesha: hapa, mimi, usiogope. Ila "usiogope" hakuijua bado. Akasimama. Umati ukapiga makofi, mikono yote juu, midomo yote wazi. Akawatazama watu wote wale. Uso wake ukabadilika — ukafunguka! Nilidhani amefurahi kwa sababu yetu. Akaruka kutoka jukwaani, akapenya katikati ya watu, akakimbia mpaka barabarani. Akasimama pembeni ya lami akitazama upande mmoja tu, upande wa malori yanakotokea. Malori yanapita na upepo wao. Anachungulia kila kioo cha dereva.

Mwanamke mmoja alimfikia kabla yangu. Mikono ina povu hadi viwiko, ametoka kufua. Akamkumbatia kwa nyuma, akamvuta. Mama yake.

Kisha akanigeukia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Wewe ndiye dada wa mikono?" Ndiyo. "Mtoto wangu usiku kucha ananifanyia vidole. Anazungusha, anavuta nguo, ananitazama nimjibu. Mimi sijui anasema nini. Umemfundisha kuongea na wewe. Na wewe unaondoka Jumamosi. Ataongea na nani? Na ukuta?"

Nikaificha mikono yangu nyuma.

"Halafu mkamfanya sinema," akasema. Akamvua lile gauni jeupe pale pale, akanipa mkononi, wakaenda.

Mchungaji aliendelea na maombi. Baadaye alikuja, hakufuta jasho. Akasema, "Dada, nimekukosea. Nimemkosea na yule mama." Nikasema ni sisi wote. Lakini mimi ndiye niliyempa mtoto lugha ya watu wawili, nikijua mmoja amekufa na wa pili ana safari.

Ijumaa, 12 Julai

Nilikwenda. Peke yangu, na lile gauni limefuliwa. Sikujua nibebe nini kingine.

Wanakaa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya wageni ambako mama yake anafua mashuka. Uani kamba zimevuka huku na huku, unatembea umeinama kati ya mashuka. Sweta aliniona miguu kwa chini. Akatokea chini ya shuka, mkono kiunoni! Jina langu! Nikamvutia ncha ya nguo. Mama yake alisimama na beseni akituangalia.

Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Karibu ukae." Hakusema amesamehe. Aliniletea ndoo akaigeuza, nikakaa. Nikamweleza yote, mdogo wangu, jikoni kwetu, lugha isiyo na shule. Nikamwambia Mwalimu Mkuu amesema ipo shule ya viziwi mji mkubwa. Akajibu anaijua. Ya kulala huko huko. "Mtoto aliyeshaona mtu mmoja akipanda gari asirudi, nimpandishe na yeye gari? Atadhani nini?"

Hapo ndipo alipotua beseni.

Baba yake Sweta alikuwa na masharubu, mcheshi, alimbeba mtoto mabegani mpaka akawa mkubwa wa aibu. Mwaka juzi alipanda lori kwenda machimboni. Sweta alimsindikiza mpaka lami. Shimo likaporomoka. Akazikwa huko huko, na wenzake, habari ikaja kwa simu.

"Sasa, dada, nitamwambiaje? Nilimwonyesha picha, nikalia. Akanifuta machozi, akambusu babake kwenye picha. Watu wakaja matanga, wakajaa, tukapika masufuria makubwa. Yeye hajawahi kuona watu wengi vile kwetu. Akavaa nguo nzuri. Akadhani baba anarudi, ndiyo maana kuna sherehe. Alicheza, dada. Katikati ya matanga ya baba yake, mtoto wangu alicheza. Na mimi sikuwa na neno la kumwambia acha."

Tangu hapo, wakijaa watu mahali, anakwenda barabarani. Kikija chombo kigeni, anachungulia ndani.

Jumatatu. Viti vya gari letu. Jana, ule uso uliofunguka.

Sweta alikuwa ameketi kati yetu, anatazama mdomo wa mama, kisha wangu. Akanigusa goti. Akapitisha kidole juu ya mdomo wake wa juu, huku na huku. Akanyoosha kidole barabarani. Akafungua viganja: wapi? "Wapi" nilimfundisha mimi mwenyewe juzi, tulipomtafuta paka wa mpishi.

Mama yake akaniuliza kasema nini. Sikuweza kudanganya. "Anamuulizia baba yake."

Alijifunika uso na kanga. Halafu akaifunua. "Wewe unalo neno la kufa?"

Ninalo. Tulilipata mama yetu alipofariki. Kiganja wazi, juu, kisha unakigeuza taratibu mpaka kinafunika ardhi. Kimoja tu. Hakirudi juu. Mdogo wangu alikuwa ameugusa uso wa mama ndani ya jeneza, kwa hiyo alielewa. Sweta hajagusa chochote. Ukimwambia baba amefunikwa, atauliza nani amfunue.

Mama yake ndiye aliyepata njia. Mwaka jana Sweta alikuwa na kuku, mweupe, analala naye. Kuku akafa. Sweta alimtikisa siku nzima, kisha akamchimbia mwenyewe, pale karibu na karo la kufulia. Bado huweka majani pale. "Kile anakijua," akasema. "Tuanzie kwa kuku."

"Tuanzie?"

"Nifundishe. Nimwambie mimi. Wewe kaa tu karibu, mkono wangu ukikosea unisaidie."

Mchana kutwa tumefanya mazoezi nyuma ya mashuka. Kuku. Kufa. Udongo. Baba. Mbali. Hakuna kurudi. Mama ana mikono iliyopasuka kwa sabuni, vidole vimekakamaa, neno "kuku" likitoka linakuwa kama mkasi. Tulicheka, ndiyo, hata sisi tulicheka. Akafika kwenye "kufa" kiganja kikagoma kugeuka. Kikabaki hewani. Nikamwekea wangu juu yake, tukageuza pamoja.

Kesho asubuhi, kabla ya gari.

Nimemwambia Mama Mchungaji wanipitie huko. Akasema, sawa, dada, leta begi tulipange kabisa na mengine. Nikamwambia nitakwenda nalo mwenyewe. Akanishika mkono tena, kama siku ile baada ya ibada.

Maana nitawezaje? Umwambie mtoto jambo kama lile, kisha upande gari mbele ya macho yake?

Na nyumbani kuna nini? Vikombe.

Jumamosi, 13 Julai

Naandikia uani kwao, juu ya ile ndoo. Begi liko miguuni.

Mama mtu ameshafua mapema, amemaliza, leo hajaanika upande wa karo. Ameacha wazi. Amejipaka mafuta mikononi, anasema yanalainisha vidole. Ananong'ona mfuatano: kuku, kufa, udongo. Ameniuliza tena "mbali" ikoje. Nimemwonyesha.

Ameniuliza kingine. "Akilia, neno la kumbembeleza ni lipi?" Nikamwambia hilo halina neno, mama, hata kwetu halikuwa nalo. Unamshika tu. Akasema, "Basi hilo nalijua."

Sweta amekwenda kunawa uso. Aliponikuta asubuhi alifurahi mno! Akaonyesha begi langu, akakunja uso, akafungua viganja. Wapi? Nikasema chai. Tukanywa chai. Mwoga mkubwa mimi.

Honi ya gari. Wako barabarani — wamewahi. Namsikia Mchungaji akisema na dereva, subiri, mpe nafasi. Injini haijazimwa. Mama yake hakugeuka hata kutazama.

Bado naandika. Nikiandika, bado haijatokea.

Anatoka. Maji yanamchuruzika kidevuni, anajifuta kwa mkono wa sweta. Amewaza nini kuona mama yake amechuchumaa karibu na karo, pale pale, mikono magotini, akimsubiri? Amesimama. Anamtazama mama. Ananitazama mimi. Mama yake ameinua mkono — kuku. Amepatia! Si mkasi, ni kuku kabisa. Sweta ameganda, macho makubwa. Mama amesema naye. Mama yake mwenyewe amesema naye.

Anacheka. Anakimbilia kwake, anamjibu kwa mikono yote, haraka, maneno yote aliyonayo, chai, jani, moshi, paka, na mama anatikisa kichwa, hajui hata moja, ananitafuta kwa macho.

Naweka kalamu. Nahitaji mikono yote miwili.